Kibaba cha Tele cha Bi Mwanakombo

Juzi mjukuu wangu Zawadi alikuwa jikoni, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Akaniuliza, "Bibi, vikombe viwili vya korosho ni gramu ngapi?" Nikamuuliza ni kikombe kipi, korosho nzima au zilizopasuliwa, na anayepima ni nani. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia ya sokoni akaanza kusimuliwa ukoo. "Simu haikuuliza yote hayo," akasema. Najua haikuuliza. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia ninyi mnaoanza kazi ya jiko la shughuli, kabla sijaanza kusahau mambo.

Nimepika harusi, maulidi, komunyo na hitima mjini Tanga na pembezoni mwake kwa miaka mingi kuliko umri wa wazazi wa baadhi yenu. Nimepika Ngamiani, nimepika Pongwe, nimepanda lori la mbao hadi Maramba nikiwa nimekumbatia sufuria ili isipondeke. Lakini kazi yangu ya kwanza kabisa, miaka ya hamsini, haikuwa kupika. Ilikuwa kugeuza vibaba kuwa ratili.

Nieleze, maana vitu hivi viwili mmeviona kwenye makumbusho tu. Kibaba ni chombo cha kupimia, cha mti uliochongwa, kipana mdomoni. Vibaba vinne ni pishi moja. Wapishi wote wa pwani walipika kwa kibaba, wala hakuna aliyejiuliza kina uzito gani. Ratili ni uzito wa dukani, ina wakia kumi na sita, na mbili na ushee ndizo mnazoita kilo. Sasa madukani mizani ilikuwa imekwisha kushika usukani. Ukienda kwa mwenye duka ukasema unataka vibaba ishirini vya korosho, anakuuliza ratili ngapi. Mpishi asiyejua ratili alinunua nyingi zikabaki, au chache zikampunguka, na yote mawili ni aibu kwenye harusi ya mtu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, na tulikaa kambini, upande wa Pongwe. Misheni walinisomesha mpaka darasa la nne. Karani wa stoo ya posho alikuwa na macho mabovu na hakutaka wakubwa wajue, basi nilikaa pembeni yake nikimsomea mizani kwa sauti ya chini, naye akitangaza kwa sauti kubwa. Tulifanya hivyo miaka miwili. Pale stoo nilijifunza jambo moja lililoniingia mpaka mifupani: ukipima kwa kopo, unapitisha kijiti juu ya mdomo wa kopo na kinachozidi kinaanguka. Huko ndiko kufuta. Kopo lisilofutwa lilikuwa wizi, na watu walifukuzwa kazi kwa sababu yake.

Bi Mwanakombo alisikia habari zangu kwa mwuza mboga. Alikuwa mzaliwa wa Mkwaja, mfupi, mweusi tii, na sauti yake hukuweza kuisikia kama hukuacha unachofanya. Alikuwa mkuu wa jiko katika nusu ya harusi za Ngamiani. Alikuja mwenyewe kambini, akasimama mlangoni petu, akapokea shikamoo yangu, kisha akaniuliza moja kwa moja.

"Weye ndiwe usomaye mizani?"

"Ndimi, Bi."

"Waweza kuniambia kibaba changu kina ratili ngapi?"

"Kibaba cha nini, Bi?"

Akatabasamu. Baadaye aliniambia kwamba jibu hilo ndilo lililonipatia kazi, kwa sababu wasichana wawili waliotangulia walimjibu "ratili moja" papo hapo, bila hata kuuliza kama ni cha mchele au cha pamba.

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlishike. Chombo ni kimoja, uzito si mmoja. Kibaba kile kile alichokuwa nacho Bi Mwanakombo, kikijazwa mchele na kufutwa, kilikuwa na ratili moja na robo na kidogo. Kikijazwa karanga mbichi zenye ngozi, ratili moja kamili, wakia kumi na sita. Kikijazwa korosho nzima, wakia kumi na nne tu, maana korosho imepinda na kila moja inaacha uwazi kwa mwenziwe. Ukizipasua katikati zinalala vizuri zaidi, unapata wakia kumi na tano katika kibaba hicho hicho. Ukizitwanga, sasa inategemea kama umeumimina unga wenyewe au umeushindilia kwa mkono. Unga wa karanga uliomiminwa na ule ulioshindiliwa unaweza kupishana robo nzima, na nimewahi kuona mawifi wawili wakigombana juu ya mapishi ya mchicha kwa miaka minne, kumbe kila mmoja alikuwa sahihi kwa mkono wake.

Na msipime kabla ya kukaanga halafu mkaandika kana kwamba mmepima baada ya kukaanga. Karanga inapoteza maji motoni, halafu inapoteza ngozi kwenye ungo. Ratili mbichi hairudi ratili. Nilipoanza nilimshuku mke wa jirani kwa wiki nzima kwamba anatudokolea karanga, kumbe mwizi alikuwa moto. Bi Mwanakombo alipojua, alicheka mpaka akashika mbavu, akanituma nikamwombe radhi yule mama na kumpelekea kashata mbili. Nilikwenda. Mama wa watu hakujua hata kwamba alishukiwa, nikawa nimejichongea bure.

Mniruhusu nimsifu kidogo mwalimu wangu, kwa sababu sifa zake nyingi hazikupata wa kuzisema. Alikuwa hajui kusoma hata herufi moja. Lakini mpe korosho kiganjani, azitikise karibu na sikio, atakwambia zimepata moto wa kutosha au bado. Alitambua karanga zenye unyevu kwa kuingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko na kunyamaza. Mara moja mwenye duka alimwapia kwamba gunia ni kavu, Bi Mwanakombo akatoa mkono, akasema kwa upole, "La juu kavu, la chini limelala sakafuni." Wakalimwaga. Chini palikuwa na ukungu. Hakumkaripia yule bwana, wala hakumtangaza, na tangu siku ile alikuwa akiwekewa mzigo mzuri bila kuomba. Nilimpenda kwa hilo, na nilimwogopa pia, kwa sababu niliona hakuna kinachompita.

Wenzake jikoni hawakunitaka. Msaidizi wake mkuu, Bi Rukia, alisema waziwazi mbele yangu kwamba mtoto wa kambini hajui shughuli za mjini, na kwamba kazi ya watu haijaribiwi na mgeni. Hakuwa mtu mbaya, mpate kujua. Alikuwa amekaa na Bi Mwanakombo tangu ujana, na sasa karatasi yangu ilikuwa inaingia katikati yao. Bi Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimemchukua miye," akasema. "Akiharibu huyu, nimeharibu miye. Msimwandame."

Basi mjue nilichokuwa nimebeba. Haikuwa kazi yangu tu. Lilikuwa jina la yule mama, ambalo ndilo lililokuwa likimlisha yeye na wajukuu wake watatu.

Ikaja harusi ya binti wa Mzee Shaibu, mfanyabiashara wa vitambaa pale Ngamiani. Upande wa bwana harusi walitoka Pangani, watu wa kuangalia mambo. Walikuwa wameomba jambo moja tu la ziada: sinia sita za kashata, zote za korosho, zisichanganywe na karanga. Karanga ni chakula cha kila siku, ukimpelekea mkwe karanga umemwambia amekuja siku ya kawaida. Kila sinia ilihitaji karai moja la sukari na vibaba vinne vya korosho. Sinia sita, vibaba ishirini na vinne. Bi Mwanakombo akanikabidhi kibaba chake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, akaniambia, "Nenda kwa mwenye duka ukapime, uniletee hesabu ya kununua."

Nikaenda. Nikajaza kibaba korosho, nikaomba rula ya mwenye duka, nikaipitisha juu kama nilivyofundishwa stoo. Nikapima mara tatu. Wakia kumi na nne, wakia kumi na nne, wakia kumi na nne. Mara ishirini na nne ni wakia mia tatu thelathini na sita. Gawanya kwa kumi na sita, ratili ishirini na moja kamili, haizidi wala haipungui. Nilivyofurahi, ningekuwa na mkia ningeutikisa. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, na mwenye duka alihangaika wiki mbili kuzikusanya kidogo kidogo kwa watu. Alipotuletea alisema hizo ndizo za mwisho, hata za watoto wake kula hazikubaki.

"Umepima vyema?" Bi Mwanakombo aliniuliza.

"Vyema, Bi."

Hakuuliza zaidi. Nimefikiria swali lile miaka mingi. Kwake yeye hapakuwa na la kuuliza zaidi.

Kabla sijaendelea, kuna desturi moja lazima niwaeleze. Katika jiko la Bi Mwanakombo mtu hakupima mbele za watu. Mkuu wa jiko alipimia chumbani, pazia limeshushwa, kukwepa macho ya husuda na midomo ya kuhesabu. Sisi wadogo tulikaa nje na vyungu, tukiletewa kilichokwisha kupimwa. Nilikuwa nimefanya naye shughuli mbili, na sikuwahi kumwona akipima hata kibaba kimoja. Nilijua kila kitu juu ya kile chombo isipokuwa namna mwenyewe alivyokijaza.

Siku ya kupika kashata tulianza asubuhi. Kashata ya korosho haisubiri mtu, mlijue hilo. Unayeyusha sukari na maji kidogo, unatia hiliki, unakoroga moto wa wastani. Unadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likitandazika bado, likiganda na kulia tik ukilibonyeza kwa jino, wakati umefika. Hapo korosho ziwe zimekaangwa na ziko karibu, kwa sababu una muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Ukichelewa unapata jiwe, ukiwahi unapata uji. Karai la kwanza lilikwenda vizuri. Bi Rukia alimwaga, akatandaza, akakata kwa kisu kilichopakwa samli, vipande vya pembe nne vilivyolala mshazari. Hata yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwa karai la pili msichana wa kubeba alikuwa ameitwa na bibi harusi, nikatumwa mimi chumbani kupokea korosho. Nikainua pazia. Bi Mwanakombo alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, gunia la korosho zilizokwisha kukaangwa kushoto, ungo kulia. Alichota kwa kibaba, kisha akaongeza kwa mkono, akaongeza tena, korosho zikapanda juu ya mdomo wa kibaba kama kichuguu, mpaka moja ikaviringika kutoka kileleni ikaanguka mkekani. Hapo ndipo alipoacha kuongeza. Akakimimina kibaba kwenye ungo, akaokota ile iliyoanguka, akaitia kinywani.

Akaona natazama. "Ihii haina dhambi," akasema akitafuna. "Kibaba hakijajaa mpaka kimwage moja, na hiyo inayoanguka ni ya mpimaji. Bibi yangu kanifundisha hivyo."

"Kila mara wapima hivyo, Bi?"

"Tele? Sasa harusini mtu hupimaje?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Utamfutia bibi harusi? Wataka mji wake uwe wa kufuta na kukwangua?"

Nilichukua ungo nikatoka. Kichwa kiliendelea na hesabu chenyewe. Kile kichuguu kilikuwa kinaongeza wakia nne kwa uchache. Kumi na nane badala ya kumi na nne. Ratili ishirini na moja zingefika karai la nne, na la tano zingefika theluthi mbili, na la sita hakuna. Mimi nilikuwa nimepima kwa adabu ya stoo, yeye anapima kwa adabu ya harusi, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kwamba kuna mtu duniani anafanya vingine.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijapenda kulisema maisha yangu yote. Nilinyamaza. Nilikuwa na ungo mkononi, mwenyewe yuko hatua nne nyuma yangu, na nilinyamaza. Nilijiambia labda nimekosea hesabu. Nilijiambia labda gunia lina ziada. Karai la tatu likaiva nikiwa nimenyamaza, na la nne likaiva. Niliona aibu ya Bi Rukia kuwa sahihi juu yangu kuliko nilivyojali jina la mama yule. Nilikuwa na miaka kumi na saba, lakini hilo nalitaja tu, silitoi kama udhuru.

Sukari ya karai la tano ilipoanza kutoa mapovu ndipo niliposhindwa. Niliingia chumbani bila kuitwa. Bi Mwanakombo alikuwa ameshika gunia likiwa limelegea, anatazama ndani.

"Bi, zimepunguka," nikasema. "Nilipima kwa kufuta. Nimejua tangu karai la pili."

Nilidhani atanipiga. Ningeona heri anipige. Aliangalia gunia, akaniangalia mimi, akatega sikio jikoni kusikia sukari.

"Epua karai," akasema. "Litie maji nusu kikombe, lirudi nyuma. Kisha niletee nazi kumi na mbuzi mbili za kukunia. Mbio."

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimheshimu mtu yule mpaka leo. Hakupandisha sauti, hakumlaumu mtu, hakutafuta wa kumtupia. Mbele ya watu wote walioacha kazi na kutuzunguka, alitoka na gunia, akakaa chini akaanza kupasua korosho zilizobaki, moja moja, kwa ukucha wa kidole gumba. Korosho ikipata moto vizuri inafunguka katikati bila kuvunjika. Kila moja ikawa mbili, kila nusu ina tumbo bapa. Sisi tukakuna nazi, tukaikaanga kavu mpaka ikawa rangi ya mchanga wa pwani. Nazi ile ikaingia kwenye sukari ya makarai mawili, ikatandazwa sinia mbili, na zile nusu za korosho zikapangwa juu kwa mkono, tumbo chini, mgongo juu, kabla sukari haijashika. Tulifanya mikono minane. Vidole vyangu viliungua vyote kumi na sikusikia mpaka jioni.

Wakati wa kukata alinena nami kwa sauti yake ile ya chini, bila kunitazama.

"Kibaba nakusamehe, maana hata miye sikukuuliza. Lakini ungeniambia karai la pili, ningetia nazi kidogo kidogo kila karai, sinia zilizobaki zote zikawa sawa, na pasingekuwa na mtu wa kujua. Makarai mawili umekaa nayo moyoni. Hayo ndiyo yaliyonipunguka, si korosho."

Nililia juu ya sinia. Akaniambia nisogee, chumvi itaharibu kashata.

Kisha akajitandaza kanga yake vizuri akaenda kwa bibi mzaa baba wa bibi harusi, mimi nikimfuata nimebeba sinia moja ya korosho tupu na moja ya nazi. Nilijua angeweza kusema huu ni mtindo wa Mkwaja, na bibi yule angekubali. Hakusema.

"Mama, korosho zimenipunguka," akasema. "Kipimo kilikuwa changu na kosa ni langu. Nne ni kama mlivyoagiza, mbili ni hizi. Zionje, kisha useme ziende au zisiende."

Bibi akaonja. Alitafuna kwa muda mrefu mno. Akaangalia zile nusu za korosho zilivyopangwa mistari, hakuna hata moja iliyopinda.

"Ziende," akasema. "Lakini Pangani watauliza."

Waliuliza. Walitaka kujua kwa nini sinia mbili ni za namna nyingine, wakaambiwa kweli, na habari ikarudi Ngamiani ikiwa imenenepa njiani. Zikapita wiki ambapo watu walisema Bi Mwanakombo amezeeka, hesabu zimemshinda, anaongozwa na mtoto wa kambini. Harusi moja aliyokuwa ameahidiwa ikapewa mwingine. Nilikuwa nikimwona anavyokaa mlangoni kwake mchana, mikono haina kazi, nikatamani ardhi inimeze. Sikuacha kwenda. Nilimchotea maji, nilimpepetea mchele. Wala hakuniambia niondoke wala hakuniambia nikae.

Siku moja nikaenda na daftari. Nikamwomba kibaba. Tukaenda wote wawili dukani, yeye akajaza kwa mkono wake, tele, mpaka kimwage moja, nami nikapima. Tulipima korosho nzima, za kupasua, karanga mbichi, karanga za kukaanga, lozi za Uarabuni ambazo mwenye duka alituazima kwa masharti kwamba hatutaonja. Kila kitu mara mbili, safu moja ya kufuta na safu moja ya tele. Korosho nzima, kumi na nne kwa kumi na nane. Alisimama nyuma yangu akitazama herufi asizozijua, akawa anauliza, "Hapa umeandika nini? Na hapa?" Nikimsomea, anarudia kwa midomo. Alipofika nyumbani alikuwa ameihifadhi karatasi nzima. Daftari ninalo, limeliwa na mende pembeni, lakini safu mbili zinasomeka.

Ninyi mna mizani ya betri, na ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo. Glasi ya robo lita ya korosho nzima, ukiifuta, ina kama gramu mia moja thelathini na tano. Ya karanga kama mia na hamsini. Andikeni. Lakini andikeni pia safu ya pili. Nendeni mkamtazame mwenyewe mapishi anavyojaza chombo chake, kwa macho yenu, kabla hamjaita hesabu yenu hesabu. Na mkigundua mmekosea, semeni sukari ingali baridi.

Miezi mitatu baada ya kashata za Mzee Shaibu, tuliitwa Pongwe, harusi kubwa, sinia nane. Jiko zima lilikuwa linanitazama kuona nitawekwa wapi. Nilikwenda zangu moja kwa moja kwenye masufuria, nikakunja mikono ya gauni, nikaanza kusugua. Bi Rukia ndiye aliyekuja kuniita. Alisema tu, "Unatakwa ndani," na hakukunja uso.

Nikainua pazia. Gunia lilikuwa kushoto, ungo kulia, na mkekani katikati yake hapakuwa na mtu. Bi Mwanakombo alikuwa ameketi pembeni, mgongo ukutani, kibaba kiko mapajani mwake. Akaninyooshea.

"Kaa," akasema. "Leo magoti yananiuma."

Magoti yake hayakuwa na kitu, alikuwa ametembea kutoka kituo cha basi akituacha wote nyuma. Nikakaa. Nikachota. Nikaongeza kwa mkono, nikaongeza tena. Kichuguu kikapanda. Nikaweka moja ya mwisho, na moja ikaviringika kutoka juu, ikapita ukingoni, ikaanguka mkekani kati yetu.

Sikuigusa. Nikakimimina kibaba kwenye ungo, macho chini. Bi Mwanakombo akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi. Akaufungua mkono wangu wa kulia, akaiweka kiganjani.

"Hii yako," akasema.

Niliitafuna polepole, machozi yakinitoka, naye akajifanya kutazama pazia. Kisha nikachota kibaba cha pili.